Tone la Winfred

Tangu mumewe, Nguma, aende kukaa kwa baba yake huko Jibana, Jumwa alikuwa akirudi nyumbani kwa njia ndefu. Kutoka Magogoni, kwenye kibanda alikoshona mapazia na sare za shule, hadi Mishomoroni alikokuwa amepanga, kulikuwa na njia mbili. Ya mkato ilipita ubavuni mwa mangwe, kilabu cha mnazi kilichozungushiwa makuti, ambapo wanaume walikaa juu ya magogo tangu adhuhuri wakivuta mirija na kubishana mambo ya mpira. Ya pili ilizunguka kanisani. Akiulizwa, Jumwa alisema njia ya kanisani ina kivuli. Kweli yenyewe hakumwambia mtu. Ile harufu ya mnazi uliochacha ilipomfikia, miguu yake ilipunguza mwendo bila kuulizwa, na moyo ukamdanganya: Baba Winfred yu karibu.

Aliona haya. Mwanamke amemtoa mume nyumbani kwa sababu ya ulevi, kisha anasimama njiani kuinusa pombe ile ile, kama mtu anayetegea sikio wimbo anaoupenda ukipigwa nyumba ya pili.

Hakumfukuza. Majirani ndio waliosema kufukuza. Nguma alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mkono mwepesi, maneno matamu, na alikuwa mlevi mpole. Hakuwahi kuinua mkono wala sauti. Alikunywa, akaimba, akalala. Watu walimwambia Jumwa ana bahati, na kwa miaka mingi yeye mwenyewe aliamini ana bahati, mpaka asubuhi ile Winfred, binti yao wa pekee, alipokuja mbio kibandani Magogoni, sare ya shule mwilini, miguu mitupu, akasimama mbele ya cherehani na kusema kwa sauti ndogo, "Mama, baba amekufa."

Hakuwa amekufa. Alikuwa amelala sakafuni, mdomo wazi, na mtoto alikuwa amemtikisa, amemmwagia maji, amemwita kwa majina yake yote, asiamke. Walipofika walimkuta ameketi anajikuna kichwa, akauliza kama chai ipo. Jioni, Nguma alipokuwa na akili zake, Jumwa alimwambia taratibu, maana hakujua kusema kwa namna nyingine:

"Baba Winfred, nenda kwa mzee. Mnazi ukikuacha, rudi. Usipokuacha, mimi sitakuchukia. Lakini mtoto asikulilie tena msiba ukiwa hai."

Akaenda na begi moja.

"Umempeleka Jibana?" aliuliza Rispa, jirani wa mlango wa pili, mzaliwa wa Busia, aliyeuza omena, dagaa wa ziwani, pale kando ya barabara. "Si huko ndiko mnazi unatoka? Mama, hiyo ni kumpeleka fisi akachunge mbuzi."

"Hana kwingine."

"Sawa. Basi tuombe fisi ang'oke meno."

Ikawa kinyume na walivyodhani. Huko huko katikati ya minazi, Nguma aliacha. Alipiga simu kila Jumapili alasiri, na Jumwa alisikiliza kwanza sauti kabla ya maneno, kwa kuwa sauti ya Nguma aliyekunywa aliijua hata akikohoa tu. Wiki zikapita, miezi ikapita, sauti ikabaki kavu na safi. Winfred alikuwa wa kwanza kuongea naye. Alimwambia habari za mwalimu wa hesabu na paka wa Rispa, akacheka mpaka akaketi chini, kisha akampa mama yake simu. Na wao wawili, waliolala kitanda kimoja tangu kabla Winfred hajazaliwa, wakakosa la kusema.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nimekula."

Kisha kimya, na ndani ya kimya hicho jogoo wa Jibana, na mtu anayepasua kuni mbali. Jumwa aliibana simu sikioni mpaka ikapata joto. Alitaka kumwambia kwamba bado analala upande wa ukutani, kwenye nafasi yake ile ile finyu, kana kwamba upande wa pili una mtu. Alitaka kumwambia kwamba siku hizi akipika wali hupika mwingi, halafu humbidi ampelekee Rispa. Alisema, "Haya, msalimie mzee."

Jumapili moja Nguma hakungoja kuulizwa kama amekula.

"Mzee amekubali kunirudisha," alisema. "Jumamosi hii."

Jumwa aliketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Atakuja na kadzama," Nguma akaongeza, na sauti yake ikashuka.

Kadzama ni kibuyu cha mnazi, na kwa ukoo wa Mzee Munga, baba yake Nguma, hakuna jambo la watu lililopita bila hicho. Ukienda kuposa, kadzama. Ukimwomba mtu radhi, kadzama. Na mume aliyetoka nyumbani kwake kwa ugomvi hurudi nyuma ya kadzama. Mzee hutangulia nacho, huketi ndani, na kila aliye wa nyumba ile hunywa kutoka kata moja ya kifuu. Anayeanza ni mtoto wa kwanza, naye hunyweshwa na mama yake kwa mkono wake mwenyewe. Mtoto akinywa, nyumba imempokea baba. Kisha mama, na mwisho mume mwenyewe. Kabla hajanywa, mguu wake hauvuki kizingiti.

"Winfred ana miaka kumi na mitatu," Jumwa alisema.

"Ni tone tu, Mama Winfred."

"Na wewe je?"

"Na mimi ni tone. Mzee amesema ataleta mtamu, wa alfajiri. Mtamu si pombe."

Mtamu si pombe. Neno hilo wote walilelewa nalo. Mnazi ukigemwa alfajiri huwa mtamu kama maji ya sukari, na watoto hupewa, na wenye surua hupewa. Hata Winfred alipougua surua alipewa, na mkono ulioshika kikombe ulikuwa wa Jumwa. Lakini mnazi haumngoji mtu. Huendelea kuchacha humo humo kibuyuni huku watu wakisalimiana, na ule uliokuwa mtamu alfajiri, ukifika adhuhuri una mambo yake. Nguma mwenyewe alianza kwa huo mtamu, juu ya paja la babu yake. "Nilikuwa na mrija wangu kabla sijawa na kalamu," alimwambia Jumwa siku za uchumba, na walicheka wote wawili mpaka machozi yakawatoka. Walikuwa wadogo wakati huo. Lilikuwa jambo la kuchekesha.

Wiki ile Jumwa alishona vibaya. Alikata pazia la mtu likawa fupi, akalazimika kuliongezea upindo wa rangi nyingine. Jioni alienda kukaa na Rispa aliyekuwa akichagua omena kwenye ungo.

"Wewe una watoto wanne," alimwambia. "Ungempa mtoto mnazi?"

"Mimi?" Rispa alicheka. "Kwetu tulilamba machicha ya pombe ya busaa tukiwa wadogo hivi. Nyanya anachuja, sisi tumepanga foleni kama kuku. Na nimekuwa mlevi? Mimi hata soda inanipanda kichwani." Akatupa omena aliyevunjika. "Halafu sikiza. Mtoto wa siku hizi utamfungia wapi? Afadhali aonje mbele yako, aone ni kitu kichungu, aachane nacho. Ukimkataza, atakuja kuonjeshwa na kijana huko pwani, na huyo hatampa tone."

Jumwa aliokota omena mmoja, akamgeuzageuza.

"Ndugu zako nao walilamba?"

"Sote tulilamba. Tulikuwa sita." Rispa alitikisa ungo zaidi ya ulivyohitaji kutikiswa. "Wawili pombe iliwachukua. Lakini hiyo huwezi kusema ni machicha."

"Huwezi," Jumwa alikubali.

"Huwezi kusema si machicha pia," Rispa alisema, sasa bila kucheka. "Mama Winfred, mimi nakuambia tu unirudishie usingizi. Ukuta wetu ni mwembamba. Nakusikia ukigeuka."

Ijumaa Jumwa alimsuka Winfred nywele. Mtoto aliketi kwenye kigoda katikati ya magoti ya mama yake, shingo imeinama, na kwa kuwa hawakuonana uso ilikuwa rahisi kusema.

"Mama, unaogopa nini? Nitafumba macho, nimeze kama dawa."

"Tulia, mstari unapinda."

"Nikinywa tone moja, baba anarudi. Tone moja tu. Mimi ningekunywa hata ndoo."

Jumwa aliusimamisha mkono.

"Hata ndoo?"

"Ni namna ya kusema tu. Wewe hutaki arudi?"

Kitana kilibaki hewani. Nje mtu alipita na mkokoteni wa maji, mitungi ikigongana.

"Nataka," Jumwa alisema. Alikuwa hajawahi kulitamka, wala kwa Rispa, wala kanisani alikoombea kila mtu kwa jina. "Nataka mpaka naona haya."

"Basi," alisema Winfred, kama mtu aliyemaliza hesabu, akainamisha shingo tena.

Jumamosi Jumwa aliamka akapiga deki, akapika wali wa nazi na kuku wa kupaka, akavaa leso mpya ambayo hakujua aliinunua kwa ajili ya siku gani. Jua lilikuwa kichwani aliposikia hodi ya Mzee Munga.

Mzee aliingia amekikumbatia kibuyu kama anayembeba mtoto aliyelala. Alikuwa mrefu, mkavu, amevaa shati la kanisani lililofungwa hadi kifungo cha juu. Nyuma yake, chini ya baraza, alisimama Nguma. Amekonda. Mashavu yamenyolewa vizuri. Mikono aliiweka nyuma, na Jumwa, aliyemjua, alielewa kwamba anaificha kwa sababu inatetemeka. Walitazamana, kisha kila mmoja akatazama chini kama watu wanaoposana.

"Shikamoo, baba," Jumwa alisema.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Karibu kiti."

"Na huyu mke wangu," mzee alisema, akimwangalia Winfred, "amekuwa mrefu hivi nani kamruhusu?"

"Babu, wewe huna meno. Mimi sikutaki."

"Meno ya nini? Utanitafunia."

Wote wakacheka, hata Nguma kule nje, na kicheko chake kikaingia ndani kabla yake. Jumwa alilazimika kugeuka ajifanye anaweka sawa kitambaa cha meza.

Mzee Munga hakutaka maneno mengi. Aliketi karibu na mlango, mahali ambapo mwanawe angemwona, akachomoa kilifu, zile nyuzi za mnazi zilizoziba mdomo wa kibuyu. Kibuyu kilipumua. Povu jeupe likapanda likamwagika juu ya vidole vyake. Safari ya kutoka Jibana ilikuwa ndefu, na jua lilikuwa kali.

"Ulikuwa mtamu tulipotoka," mzee alisema, kidogo kama anayeomba radhi. Alimimina kwenye kata, akadondosha chini tone la waliotangulia, akanong'ona majina yao. Kisha akamnyooshea Jumwa. "Mama wa nyumba, mpe mwanao."

Jumwa aliipokea kata kwa mikono miwili. Harufu ilijaa chumba, na chumba kikawa kile cha zamani, usiku wa Jumamosi, Nguma akiimba huku akivua viatu. Winfred alikuja, akapiga magoti mkekani, akafumba macho, akafungua mdomo. Ulikuwa mdomo wa baba yake, mpana, wenye kona zinazotaka kucheka. Alingoja hivyo, kichwa nyuma, bila hofu yoyote. Kama mama angemimina ndoo, angeimeza ndoo.

Mkono wa Jumwa haukuinuka.

"Baba," alisema, "naomba uniwie radhi. Mtoto hatakunywa."

Winfred akafumbua macho. "Mama."

"Nyamaza, mwanangu. Ondoka hapo ukae."

Mzee Munga hakukasirika upesi. Alijifuta vidole kwa kitambaa cha mfukoni. "Mwanangu, hakuna anayemlevya mtoto hapa. Ni kulowesha ulimi. Wanangu wote nimewalowesha ndimi zao. Mimi mwenyewe nimeloweshwa, na nimekunywa umri wangu wote, na hakuna aliyewahi kuniokota mtaroni."

"Ni kweli, baba. Wewe hakuna aliyekuokota." Jumwa alitazama mlangoni. "Mwanao tumemwokota."

Pale nje Nguma aliinamisha kichwa.

"Unasema mimi ndiye niliyemharibu," alisema mzee.

"Sijasema hivyo, baba."

"Umesema kwa heshima. Lakini umesema."

Jumwa hakukana. Alitazama povu likipasuka taratibu ndani ya kata. "Sijui, baba. Labda ungemnyima, angekunywa tu. Labda huyu naye nikimnyima atakunywa. Kule nje siwezi kumlinda. Ila mkono utakaomwonyesha njia nataka usiwe wangu. Na isiwe siku hii. Akinywa leo, atajua kwamba mnazi ndio uliomrudisha baba yake. Utamwambia vipi baadaye kwamba ni kitu kibaya?"

Winfred alikuwa amejikunja kwenye kona ya mkeka, machozi yakimtoka bila sauti, na Jumwa alitamani kumshika lakini mikono yake ilikuwa na kata.

"Sehemu ya mtoto huweza kunywewa na mzazi wake," mzee alisema mwishowe, kwa sauti ya uchovu. "Imewahi kufanyika. Mtoto akiwa mgonjwa."

"Nipe mimi," alisema Nguma.

Alikuwa amesogea hadi kwenye kizingiti. Hakukivuka. Aliunyoosha mkono tu kuingia ndani. "Nipe ya mtoto, Mama Winfred. Nitainywa mimi, na yangu. Yaishe. Nirudi nyumbani."

Aliyasema kwa upendo. Jumwa hakuwa na shaka juu ya hilo, wala baadaye hakuwahi kuwa nayo. Lakini aliuangalia ule mkono. Mkono uliokuwa umefichwa nyuma kwa kutetemeka, sasa ulikuwa umenyooka kuelekea kwenye kata, na ulikuwa umetulia tuli.

Akainua kata akainywa yeye.

Hakuwahi kuonja mnazi tangu awe mtu mzima. Uliwasha ulimi, ukamkwaruza koo, akakohoa mpaka leso ikamteleza begani. Na ulipokwisha kushuka, ladha iliyobaki ilikuwa ya mdomo wa Nguma. Miezi yote hii alikuwa ameitafuta kwenye mto wake, kwenye njia ya mangwe, kwenye simu iliyopata joto, na ilikuwa hapa ndani ya kinywa chake, kali na tamu. Alielewa kwa mara ya kwanza jinsi mtu anavyoweza kutaka kata ya pili.

"Hiyo ya mtoto," alisema. Mzee akammiminia tena, akainywa. "Na hiyo ni yangu."

"Sasa mwenye nyumba," mzee alisema.

"Niinywe hiyo pia, baba?"

"La, mwanangu. Ya mume hainyweki na mwingine."

Mzee mwenyewe aliinuka akampelekea Nguma kata pale kizingitini. Nguma aliipokea. Aliiweka karibu na uso wake, wala hakuitazama. Alimtazama binti yake kwenye kona, kisha mkewe. Rispa alikuwa amewasha redio upande wa pili wa ukuta na kwaya ilikuwa ikiimba pambio.

"Baba," alisema, "nikinywa hii nitalala ndani leo. Kesho nitaondoka kwenda kutafuta nyingine."

"Ni tone, Nguma."

"Kwako ni tone."

Akamrudishia kata ikiwa imejaa.

Mzee Munga aliishika akabaki amesimama, akionekana mzee kuliko alivyoingia. "Basi hujarudi," alisema.

"Ndiyo, baba. Sijarudi."

Mnazi uliokataliwa haurudishwi kibuyuni. Mzee alitoka akaumwaga kwenye mchanga kando ya ukuta, akaziba kibuyu kwa kilifu, akakikumbatia. Jumwa alimfuata na kumwomba ale kwanza, kuku yupo, wali upo. Alisema hawezi kula katika nyumba ambayo jambo lake halikuisha. Akapiga hatua mbili, akageuka.

"Kuku ni wa kupaka?"

"Ndiyo, baba."

"Nifungie. Bibi yenu ataniuliza."

Jumwa alifunga mapaja mawili na wali kwenye bakuli lenye kifuniko. Mzee alipokea, akamwekea mkono kichwani kwa muda mfupi, kisha akamwita mke wake Winfred, ambaye hakutoka. Nguma alichukua bakuli, wakaenda pamoja kuelekea barabarani, baba na mwana, urefu mmoja, mwendo mmoja.

Hakusema kama atarudi. Jumwa alisimama mlangoni. Ndani, Winfred alisema kwa sauti iliyojaa makamasi, "Umemfukuza mara ya pili."

Kichwa cha Jumwa kilikuwa chepesi kwa kata zile mbili, na miguu ilitaka kukimbia barabarani imwambie mzee arudi, amimine, anyweshe, liwalo na liwe. Angeweza. Walikuwa hawajafika mbali. Alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili, na kama kuna kazi ngumu aliyowahi kuifanya katika maisha yake, ilikuwa hiyo ya kusimama pale.

Chakula kilipoa. Jua lilihamia upande wa pili wa nyumba. Ndipo akamwona Nguma akija peke yake, mikono mitupu. Alikuja hadi barazani, akaketi kwenye saruji, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha.

"Hukwenda naye?" Jumwa aliuliza.

"Amenikataza nisivuke kizingiti. Hakunikataza kukaa nje."

"Amekasirika?"

"Amelia," Nguma alisema. "Kule kituo cha matatu. Alijifanya ni vumbi. Ameniuliza kama kweli ni yeye aliyeniharibu. Nikamwambia sijui." Alisugua magoti yake. "Nitalala kwa Chrispine, fundi mwenzangu wa kule Magogoni. Ana nafasi kwenye karakana yake, anahitaji mtu wa kuchomelea. Jioni nitakuwa napita hapa, kama hutajali."

Jumwa aliingia ndani, akapasha wali moto, akatoka na sinia na mkeka. Akautandika mkeka palepale nje, nusu ya hatua kutoka mlangoni, mahali ambapo kila apitaye angeona. Winfred alichungulia. Alikaa kwanza mbali, macho yamevimba. Kisha akasogea. Kisha akala kutoka upande wa baba yake wa sinia, akimwibia ukoko kama alivyofanya alipokuwa mdogo, na Nguma akajifanya haoni.

"Baba, hivi ulitaka kunywa?"

"Nilitaka."

"Sana?"

"Sana, mwanangu. Hata sasa."

Mtoto alitafuna akifikiri. "Mimi ningekunywa kwa ajili yako."

"Najua. Ndiyo maana mama yako amekunywa yeye." Akamtazama Jumwa. "Na amekohoa kama mbuzi."

"Nenda zako," Jumwa alisema, akaficha mdomo kwa leso.

Rispa alitokea na ungo wake kichwani, akasimama akiwaangalia, watu watatu wanakula nje kama wenye msiba au wenye sherehe. "Shemeji, umefungiwa nje?"

"Nimefika nusu."

"Nusu ya kutoka Jibana si haba," Rispa alisema, akachukua kipande cha kuku, akaenda zake.

Waliongea mpaka adhana ya magharibi ikasikika kutoka upande wa Kisauni, na hawakuongea lolote kubwa. Mwalimu wa hesabu. Bei ya vyuma. Pazia lenye upindo wa rangi mbili, ambalo mwenyewe alilipenda akataka jingine kama hilo. Bega la Nguma lilikuwa karibu kiasi kwamba Jumwa angeligusa kwa kunyoosha vidole tu. Hakuvinyoosha. Alihisi kwamba akivinyoosha, atamvuta, na akimvuta, ataingia, na hakutaka aingie kwa njia ambayo baba yake angesema mwanawe ameibwa.

Nguma alisimama, akajikung'uta.

"Kesho nije na nini?"

"Njoo na njaa," Jumwa alisema.

Alicheka, akashuka barazani. Winfred alimsindikiza hadi kwenye kona, akining'inia kwenye mkono wake kama mtoto wa miaka sita. Jumwa alikusanya sahani, kisha akaziweka chini tena. Akaketi pale alipokuwa ameketi mumewe, mgongo wake ukutani pale pale. Saruji ilikuwa na joto. Huenda lilikuwa la jua la mchana kutwa, huenda lilikuwa la Nguma. Alikaa juu ya joto hilo mpaka likaisha, ndipo akaingia ndani.